Sauti ya Baba katika Mashine Mbili za Wafula

Donholm, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za wote walio katika nyumba hii. Natumaini goti limepungua uvimbe, na kwamba unaimeza ile dawa aliyokuletea Nasimiyu badala ya kuiweka kabatini ikusubiri uugue zaidi. Mahindi yamekauka? Huku mvua imenyesha kidogo na njia ya sokoni ni matope, lakini maji yamerudi kwenye mifereji na watoto wamefunga shule bila ugonjwa. Mke wangu anasema nikuambie kwamba ile shuka uliyomshonea anaitandika siku za wageni tu.

Barua yako nimeipata. Umeniomba kitu kimoja: siku tutakapojengea kaburi la mdogo wangu Wafula mwezi wa Desemba, kabla watu hawajala, sauti ya Baba isikike pale uani, ili baba na mwana wawe nyumbani pamoja mbele ya watu wao. Ukasema nije nayo kwenye kanda, redio ipo.

Mama, nitaanza na jibu, kwa sababu sitaki usome kurasa hizi ukiwa na matumaini. Sauti ya Baba haipo tena kama ilivyokuwa. Nusu yake imefutika, na hakuna fundi wa kuirudisha. Nimeuliza zaidi ya mmoja. Nitakueleza ilivyokuwa tangu mwanzo, maana nakujua, utataka kuelewa.

Unakumbuka ulivyokuja hapa kwa daktari wa macho, ile kanda ya Baba ukiwa umeifunga kwenye leso. Redio ya nyumbani ilikuwa imeanza kuitafuna. Wafula alisema ataihamishia kwenye kompyuta kabla haijakatika, na akafanya hivyo. Alipoicheza mara ya pili ili ahakikishe, ikakwama, ikakunjamana, ikakatika. Wewe ulisema hakuna neno, Baba ameshaingia ndani. Tangu siku hiyo maneno aliyotuambia jioni ile kabla ya kupelekwa hospitali, alipotutaja mmoja mmoja, yalikuwa mahali pamoja tu: katika mashine za Wafula, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hii.

Mashine zenyewe uliziona. Masanduku mawili kuukuu yaliyotupwa na ofisi fulani mjini, moja limevunjika pembe. Wafula aliyaunganisha kwa kebo, kisha akapitisha kebo nyingine ukutani hadi kwenye kompyuta yangu mimi, hii ninayochapia habari. Akasema hiyo ni seva. Kazi yake ilikuwa kutunza vitu vya nyumba nzima. Nikiandika habari na kuihifadhi, haikukaa kwangu, ilikwenda chumba cha nyuma. Sikuuliza inakaaje huko. Nikiihitaji ilikuja, na hilo lilinitosha.

Alikuwa na rafiki yake, Salim, mzaliwa wa Pumwani, ambaye wazazi wake asili yao ni Lamu. Ana duka Buruburu, hupiga chapa na kufundisha watu kompyuta. Salim alikuja hapa karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi walibishana jambo lile lile. Salim alisema programu za kazi ya seva zipo tayari, nyingine za kununua, nyingine za bure zilizoandikwa na watu wa ng'ambo ambao wala hawataki malipo. Wafula alijibu kwamba za kununua zinataka mashine mpya kuliko zake, na zile za bure amezijaribu, zikajaza diski karibu nusu kabla yeye hajaweka hata picha moja. Alitaka kitu kidogo cha kufanya kazi moja. Kwa hiyo akakiandika mwenyewe, kidogo kidogo, kila akitoka kazini.

Siku moja nilikuwa napita na kikombe cha chai nikawasikia.

"Wewe unataka kuvumbua sufuria," Salim alimwambia. "Sufuria ziko sokoni, bwana. Nunua upike, watu wana njaa."

"Ya sokoni ikitoboka nitaizibaje na sijui ilitengenezwaje?"

"Na yako ikitoboka wewe haupo, mimi nitaizibaje?"

"Utaniita," Wafula akasema, wakacheka wote wawili.

Siandiki hayo ili kumlaumu. Kile kitu kilifanya kazi. Stima ilipotea mara nyingi, unajua stima ya huku, nami sikupoteza hata mstari mmoja. Ile ajira ya kampuni ya bima aliipata kwa sababu aliwaeleza alivyoijenga seva yake, kila hatua, hadi yule aliyekuwa akimhoji akasahau kumwuliza vyeti. Aliijua mashine yake kama unavyolijua shamba lako gizani. Na Salim naye, ambaye alikuwa akimcheka, aliomba nakala ya ile programu kwenye disketi aende kuitafutia kosa. Aliniambia hakulipata.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikulijua. Diski za mashine zile zilikuwa ndogo. Ili apate nafasi kubwa, Wafula alizifanya zote mbili kuwa kama diski moja. Kitu chochote ulichokihifadhi kilikatwa vipande, kisha vikagawanywa kama mtu anavyogawa karata: cha kwanza sanduku hili, cha pili lile, cha tatu hili, cha nne lile. Mimi nilidhani sanduku moja ni nakala ya lingine, kwamba moja likiharibika jingine lipo. Nadhani mtu yeyote anayeona vitu viwili vinavyofanana vimekaa pamoja atafikiri hivyo.

Baada ya hapo homa ya uti wa mgongo ikamchukua Wafula, na hilo unalijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekaa naye wodini na mimi nilikuwa nakuja na kuondoka.

Wazee walisema vitu vyote vya marehemu virudi nyumbani pamoja naye, kisibaki kitu chake Nairobi. Tukafungasha nguo, vitabu, godoro, yale masanduku mawili. Mimi nilibaki na kompyuta yangu, maana ni yangu. Tulipomzika, likizo yangu iliisha nikarudi kazini, siku ya kunyoana na kugawa vitu vya marehemu ikanikosa. Jinsi vitu vilivyogawanywa nilihadithiwa na Baba Mdogo. Koti lilikwenda kwa wajomba. Nguo zikaenda kwa wapwa. Yalipofikiwa masanduku, watu wakauliza ni nani ayachukue, na wewe ndiwe uliyesema. Ulisema masanduku ni mawili, na vijana waliokuwa wakikaa karibu na Wafula huku mjini ni wawili, Simiyu wa Baba Mdogo na Barasa wa Shangazi, basi kila mmoja apewe moja, asiwepo wa kusema amesahauliwa. Baba Mdogo anasema watu wote waliitikia, na shangazi akalia kwa kuona umemkumbuka mwanawe siku kama ile.

Mama, nakuomba usome sentensi hii mara mbili. Ningekuwa nimekaa pale ningesema vile vile ulivyosema. Jozi ya viatu hatuigawi, lakini hakuna mtu pale aliyejua kwamba ile ilikuwa jozi.

Barua yako ilipofika nilidhani ni kazi ndogo. Nilidhani sanduku lolote kati ya yale mawili litanitosha. Nikaanza na Kiamaiko, kwa Simiyu, kwa kuwa ndiko karibu. Nilimkuta kwenye soko la mbuzi akibishana bei na mteja, akaniacha nisimame hadi mbuzi ameuzwa, kisha akanimwagia salamu kama vile hajaniona mwaka mzima. Tulikwenda nyumbani kwake. Sanduku la Wafula liko sebuleni, juu ya meza yake peke yake, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama kile unachofunikia redio. Juu ya kitambaa wameweka picha yake ya siku ya kuhitimu.

"Hii sijawahi kuiwasha, kaka," Simiyu akaniambia. "Kwanza naogopa itanilia stima yote ya ploti, landlodi anifukuze. Lakini kila asubuhi lazima ipanguswe. Muulize huyu."

Mkewe alisema ni kweli, na kwamba hata watoto wameonywa wasiweke vikombe pale. Nilipowaambia nalihitaji kwa siku chache hawakuuliza sababu. Simiyu alilibeba mwenyewe begani hadi barabarani, na kitambaa chake.

Kwa Barasa nilikwenda kesho yake. Kama unavyojua, ana kibanda karibu na mahakama za Makadara, anawachapia watu viapo na barua za madai. Mahakama zile mimi nazipita kila wiki kwa kazi yangu, lakini kibandani kwake sikuwa nimeingia tangu mazishi. Nilisikia kompyuta ikiunguruma kabla sijaiona. Ni ile yenye pembe iliyovunjika. Kulikuwa na foleni ya watu watatu, na Barasa alinikaribisha kwa furaha ya kweli, akawaambia wale watu, "Huyu ndiye kaka yake mwenye mashine. Marehemu alinipa mkate."

Nikamwuliza aliiwashaje mara ya kwanza. Alinieleza huku anaendelea kuchapa.

"Ile siku ya kwanza, kaka, ilinitisha. Skrini nyeusi, hakuna picha, hakuna chochote, kialama tu kinapepesa kama mtu anakukonyeza. Nikamwita fundi wa huku. Akaweka disketi yake ya hizi programu za kawaida. Mashine ikamwambia diski haina kitu, haijatayarishwa, je, itayarishwe? Akaniuliza. Nikamwambia, kama haina kitu, itayarishe tuanze kazi."

Nilikaa kwenye benchi. Aliona uso wangu akaacha kuchapa.

"Kwani ilikuwa na kitu?"

Nilimwambia tutaongea. Wale watu walikuwa wanasubiri, na mmoja wao alikuwa na kesi saa nane. Kuitayarisha diski ni kufuta vyote vilivyomo, lakini Barasa hana kosa, Mama. Fundi wake naye hakudanganya. Programu ya dukani ilitazama ndani ya diski kwa macho yake, ikaona mpangilio ambao haikuujua, ikasema hapana kitu. Mpangilio ule ulijulikana na mtu mmoja tu.

Bado nilikuwa na tumaini, kwa sababu nilikuwa na lile la Simiyu. Nililipeleka Buruburu kwa Salim. Hakuwa ameliona tangu Wafula afariki. Aliondoa kitambaa taratibu, akakikunja, akakiweka kando, akaenda kunawa mikono kabla ya kufungua skrubu. Alichukua ile disketi aliyopewa na Wafula akaanza kusoma yaliyomo. Ndipo akaniuliza la pili liko wapi, na ndipo nilipoelewa, kwa kuwa nilipomwambia liko Makadara na limetayarishwa upya, aliacha kusoma akanivutia kiti. Kisha akanieleza habari ya karata.

"Nusu hii iko salama salimini," akasema. "Ile nusu ya pili imefyekwa, kaka. Hata angefufuka mwenyewe."

Akaomba radhi kwa kusema hivyo. Nikamwambia asijali.

Nilimwuliza swali ambalo nilijua nawe utaniuliza. Je, Wafula angetumia programu iliyokuwapo tayari, Baba angekuwepo? Salim angeweza kunijibu ndiyo, maana ndiyo iliyokuwa hoja yake kila Jumamosi. Hakujibu hivyo. Alisema hata zile zilizo tayari zinaweza kugawa kitu katika diski mbili, na ukitenganisha diski utapata hasara ile ile. Tofauti ni kwamba jina la programu lingetokea kwenye skrini, na fundi wa Makadara angeliona, huenda angelitambua, huenda angeuliza mtu kabla ya kubonyeza. Huenda. Kisha akasema, "Yake ilikuwa safi kuliko zote. Ila haikuwa na mtu wa pili." Akatoka kwenda kuswali alasiri, nikabaki na sanduku.

Aliporudi alivitoa vipande vya sauti vilivyobaki, akavipanga kwa mfuatano wake na kuvihamishia kwenye kanda, ili redio ya kawaida iweze kuvicheza. Tulivisikiliza pamoja, mara moja.

Nitakuambia kilichomo, kama ninavyoandika habari, bila kuongeza. Ni sauti ya Baba, hakuna shaka. Kila kipande ni pumzi moja au mbili, kisha kinakatika, kinaanza kingine mbele yake, na kilichokuwa katikati hakipo. Unasikia kikohozi chake. Unasikia kiti kikilia anapogeuka. Anasema, kwa lugha yetu, "ng'ombe yule mweupe asiuzwe mpaka," na hapo panaisha. Anasema, "Nasimiyu, wewe ndiye," na hatusikii Nasimiyu ni nani. Kwangu mimi limebaki jina tu, Wekesa, limetamkwa pole pole kama alivyokuwa akiniita nikiwa nimekosea. Aliyonitakia baada ya jina yalikuwa kwenye sanduku la Makadara. Nilishawahi kuyasikia, nakumbuka maana yake, lakini maneno yenyewe siyakumbuki sawasawa, na sitakudanganya kwamba nayakumbuka. Yako wewe ndiyo aliyoyasema mwisho, na ndiyo marefu, na ndiyo yaliyokatika vibaya zaidi. Limebaki neno asante mahali pawili.

Sidhani kanda hii inafaa kuchezwa uani mbele ya watu. Watu watafikiri redio imeharibika, wengine watacheka bila kujua. Lakini ni sauti ya mume wako, si yangu kuamua. Nitakuja nayo. Ukisema tuisikilize wewe na mimi na Nasimiyu mlango ukiwa umefungwa, tutaisikiliza. Ukisema ikae kabatini, itakaa.

Barasa nilimrudia nikamweleza, kwa sababu aliniuliza na ilikuwa haki yake kujibiwa. Alifunga kibanda siku mbili. Alitaka kulirudisha sanduku nyumbani akalilaze miguuni pako. Nilimkataza. Nilimwambia alipewa afanyie kazi na ndivyo alivyofanya, na kwamba ukimwona Desemba utamwekea chakula kama kawaida. Usinifanye mwongo, Mama.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelichelewesha kwa sababu sijui nikuandikie vipi.

Wakati Salim anatoa vipande, alikuta faili nyingine ya sauti, fupi mno, ambayo hakuna aliyeitafuta. Alinieleza kwamba vitu vyote vilianza kugawiwa kwenye sanduku la kwanza, hili la Simiyu, na kitu kilichokuwa kidogo hakikufika kwenye zamu ya sanduku la pili. Kilikaa chote mahali pamoja. Hiki kilikuwa kidogo vile. Wafula alikirekodi siku ile ulipokuja na kanda, kujaribu kama kipaza sauti kinashika, kabla hajaanza na Baba. Nadhani alisahau kukifuta.

Mko wote wawili chumba cha nyuma. Wewe unacheka, unacheka kwa sauti kabisa, sijui alikuambia nini kabla ya hapo, labda wewe unakumbuka. Naye anasema, kwa ile sauti yake ya kujifanya mtu mzima, "Mama, wacha kucheka, hii mashine inasikia." Nawe unazidi. Basi. Hakijakatika popote.

Salim ameiweka kwenye kanda ya pili, peke yake. Hiyo sijaisikiliza tena. Nimeiandikia jina lako juu.

Mpe salamu dada yangu Nasimiyu, na umwambie asome barua hii baada yako, si kabla. Msalimie Baba Mdogo. Kuhusu mgawanyo nitamweleza mwenyewe nikifika, usibebe mzigo huo. Msalimie Shangazi kwa namna ya pekee, mama yake Barasa, kaa naye kidogo wiki hii. Mchungaji aliyemzika Wafula naye mpe salamu, mwambie fundi wa saruji nimeshaongea naye. Mke wangu na wajukuu wako wanakukumbatia.

Tutafika wiki moja kabla ya watu. Usichinje kitu.

Ni mimi, mwanao mkubwa,
Wekesa